Sifa za Ukata Mjini Roma

Wenye fedha wakifika Roma huongozwa na vijana wenye kibendera mkononi. Sisi wengine hutuongoza Ukata. Hadai bakshishi, hachelewi, na habanduki ubavuni kwa mteja wake hata dakika moja. Ajabu ni kwamba watu wamemsimanga karne zote hizi na hakuna aliyemshukuru.

Ana udhaifu mmoja: hapatani na balozi. Siku ya kuomba viza ya Schengen inabidi umfiche. Unalipa euro 90 ambazo hazirudi hata ukinyimwa, unatoa taarifa ya benki iliyonenepa ghafla wiki ile ile, na ukiulizwa unaapa kwamba humjui kabisa. Yeye hana kinyongo. Anakusubiri uwanja wa ndege wa Fiumicino, anakupitisha mbele ya treni ya haraka uione, kisha anakupandisha basi.

Na elimu yake je? Tajiri akishikwa na kiu hununua chupa, basi, yamekwisha. Ukata hukupeleka kwenye nasoni, yale mabomba ya chuma yaliyoanza kusimikwa mitaani miaka ya 1870, ambayo maji yake humwagika usiku na mchana bila malipo. Mgeni huinama na kulowesha shati. Mwanafunzi wa Ukata huziba mdomo wa bomba kwa kidole. Maji yakikosa njia huruka juu kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwa bomba, naye huyadaka akiwa amesimama wima kama bwana harusi.

Hufundisha pia hesabu. Pizza ya kukata hukatwa kwa mkasi, ikawekwa kwenye mzani, ukalipia uzito. Ndani ya siku moja unajua kwamba pizza ya viazi ni adui wa mfuko. Kahawa nayo unainywa kaunta, maana baa nyingi ukivuta kiti tu bei imepanda. Magoti yanauma, lakini hayo ni mazoezi, na wenzetu huyalipia.

Kwenye sanaa ndiko anakotisha. Wakati wenye tiketi wanasukumana chini ya dari ya Sistina, yeye anakuingiza bure San Pietro in Vincoli umwone Musa wa Michelangelo, kisha San Luigi dei Francesi kwenye picha tatu za Caravaggio za Mtakatifu Mathayo. Pale ndani pana giza, na taa huwaka kwa sarafu. Ukata ana utaratibu wake: unainamisha kichwa kwa ibada mpaka mtalii mwenye huruma atumbukize euro.

Lakini kilele ni kanisa la Sant'Agostino. Katika picha ya Caravaggio iliyomo humo, Bikira Maria amesimama mlangoni na mtoto, na mbele yake wamepiga magoti mahujaji wawili wazee. Nyayo za mmoja wao, mwanamume, zimetuelekea sisi watazamaji, nazo ni chafu hasa, vumbi limeingia mpaka kwenye mikunjo ya ngozi. Giovanni Baglione, mchoraji wa zama zile na hasimu wa Caravaggio, aliandika kwamba picha ile ilizua makelele miongoni mwa watu wa kawaida. Aliyeshuka kwenye teksi ataona rangi na mwanga. Aliyekuja kwa miguu kutoka stesheni ya Termini atazitazama nyayo zile na kujua kwamba mchoraji hakutia chumvi.

Himaya yake inapungua, sikatai. Tangu Julai 2023 hata Pantheon inatoza watalii. Hata hivyo Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali na Colosseum ni bure, na ukiiona foleni utajua Ukata ana wafuasi kutoka mataifa yote.

Basi msomaji, kama bahati mbaya unazo fedha, waachie wazazi, watazijulia kazi. Wewe bakiza za tiketi ya basi, na ukishapanda uigonge kwenye mashine, kwa sababu wakaguzi wa Roma ni watu pekee ambao Ukata hajawahi kuwashawishi.