Sifa Zake Mashine ya Kuchuma Chai

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuanzia Kericho mjini hadi Bomet, sijasikia mtu akisimama jukwaani kuisifu mashine ya kuchuma chai. Imetukanwa sokoni, imelaaniwa na wazee, imechomwa moto na vijana. Leo naomba niitetee, maana hakuna mtumishi aliyelitumikia taifa hili kwa moyo safi namna hiyo, kwa sababu moyo wenyewe hana.

Itazameni kwanza ikiwa kazini. Wawili huishika, kila mmoja upande wake wa mstari, injini ya petroli ikinguruma. Wembe wake mrefu umepinda kufuata mgongo wa vichaka, upepo unapuliza majani yaingie kwenye mfuko mrefu, na mtu wa tatu anaushika mkia wa mfuko huo nyuma. Sasa ilinganisheni na mama anayechuma kwa mkono. Yeye hulaza ufito juu ya vichaka apate usawa, akatafuta majani mawili na kichipukizi, akayavunja kwa kidole gumba, akayarusha kikapuni mgongoni bila kugeuza shingo. Mashine haina ubaguzi huo. Jani changa, jani lililokomaa, kijiti, kiota cha ndege, vyote ndani. Usawa ambao wanamapinduzi wa dunia nzima wameumwagia damu, yenyewe imeufikisha Kericho kwa lita chache za petroli.

Adabu yake nayo ni ya kupigiwa mfano. Haiumwi mgongo. Haibebi mimba, hivyo haina la kudai kuhusu likizo ya uzazi. Haihitaji chumba kwenye kambi ya kampuni, wala haijawahi kulipa ada ya chama cha wafanyakazi. Februari 2023 BBC ilipotangaza habari za wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho waliotakiwa kulala na wasimamizi ndipo wapate kazi, nchi nzima ilishika tama. Mashine peke yake haikuwa na ushahidi wa kutoa. Njia za kuiondoa aibu ile zilikuwa mbili: kumwondoa msimamizi mchafu shambani, au kumwondoa mwanamke. Hii ya pili huuzwa dukani, ikiwa na vipuri vyake.

Tuje kwenye hesabu, maana sifa bila hesabu ni porojo. Kwa makadirio ya mwaka 2023, kilo moja ya majani iliyochumwa kwa mkono iligharimu kama shilingi 15, na ya mashine kama shilingi 4. Msiulize shilingi 11 zilizobaki zilielekea wapi. Pesa ina miguu, na miguu hiyo inaijua njia ya uwanja wa ndege. Mjumbe mmoja wa jopo la Kaunti ya Kericho kuhusu mashine hizo alikadiria kwamba kazi 30,000 zilipotea katika kaunti hiyo kwa miaka kumi. Jopo lenyewe lilipendekeza, Machi 2023, kwamba mashine ichume asilimia 60 ya chai, na mikono ya watu asilimia 40. Miezi miwili baadaye vijana nao wakaleta mapendekezo yao, yaliyoandikwa kwa kiberiti.

Hapo ndipo mashine ilipoonyesha sifa yake kuu, ya kubeba dhambi za wengine. Mwanzoni mwa karne iliyopita, yenyewe haijaundwa, Wakipsigis waliondolewa kwenye ardhi yao yenye rutuba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 hivi hapo Kericho wapande kitani. Kitani kiliposhindikana, zikaja kampuni za chai, Brooke Bond ikiwa mojawapo. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ukapelekwa uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Katika yote hayo mashine haikumhamisha mtu wala kutia sahihi popote. Lakini deni la zaidi ya miaka mia moja lilipofika Mei 2023, ndiyo iliyojitokeza kulilipa.

Mashine za Ekaterra, wenye chai ya Lipton, ziliteketezwa shambani. Mtu mmoja akapoteza maisha, polisi na raia wakajeruhiwa. Kampuni ikasimamisha shughuli zake, na wachumaji waliokuwa bado na kazi wakarudi kambini kungoja. Mapinduzi ya kugawana utajiri yalikuwa yamegawa njaa, tena bila upendeleo. Hati ya shamba haikupata hata harufu ya moshi.

Na tajiri mwenyewe? Unilever, mwenye Ekaterra hapo awali, alikwisha kuuza biashara hiyo ya chai kwa CVC, wenye mifuko ya uwekezaji huko Ulaya, kwa euro bilioni 4.5. Mwaka 2024 mashamba yakauzwa tena, safari hii kwa Browns wa Sri Lanka, ambao walikwisha kuyachukua na yale ya kampuni ya James Finlay. Mwanamapinduzi wetu alitaka bwana aondoke, na kweli bwana akaondoka. Aliondoka na bei yake mfukoni, akamwachia bwana mwingine funguo.

Wanasiasa wanaijua thamani ya mashine kuliko sisi. Kuna mada gani nyingine inayomruhusu mheshimiwa kunguruma juu ya unyonge wa mchumaji bila kumtaja mwenye hisa hata mmoja? Mkulima mdogo naye hakosi kushangilia mkutanoni, kisha jioni anapiga hesabu ya vibarua na kuwasha kimashine chake cha mkono nyuma ya nyumba. Bonasi ya viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, vya huku magharibi mwa Bonde la Ufa ikitoka ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, kimashine hicho nacho hutajwa katika orodha ya wakosaji. Kinanyamaza, kama ada yake.

Wala si Kericho tu. Waingereza walivunja mashine za kufuma huko Nottingham mwaka 1811, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kumnyonga avunjaye. Mshairi Lord Byron alisimama kuwatetea wafumaji, akasikilizwa kwa heshima, na sheria ikapita. Wajukuu wa bunge lile ndio waliotuletea chai.

Oktoba 20, 2023, miezi mitano baada ya moto ule, Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa papo hapo Kericho. Watu walipewa heshima zao, mashine ikasahauliwa. Naomba kosa hilo lirekebishwe. Itungiwe nishani, na mwenye shamba awe wa kwanza kuchanga. Maana siku mashine itakapoondolewa, mchumaji na mwenye shamba watabaki wakitazamana, na katikati yao hakutakuwa na kitu cha kuchoma. Italazimu waanze kuulizana juu ya ardhi, hisa na mshahara, na kwa mazungumzo ya aina hiyo hakuna jopo lililowahi kutengewa bajeti.