Mota Haina Hatia: Uainishaji wa Maradhi ya Pampu ya Maji ya Nyumbani

Taaluma ya pampu mbovu ina kasoro moja ya msingi: hukumu hutangulia ushahidi. Pampu ya nyumbani ikigoma, iwe Tegeta au Tanga, kauli ya kwanza kusikika uani ni ile ile: "Mota imekufa." Baba mwenye nyumba huitamka kabla hajavaa kandambili, jirani aliyechungulia juu ya ukuta huithibitisha, na fundi huipokea kwenye simu ikiwa imeshaamuliwa. Makala haya yanaipinga. Yanadai kwamba katika kesi za pampu, mota ndiye mshtakiwa wa kwanza na mkosaji wa mwisho. Na hata ikikutwa imeungua kweli, muuaji ni mwingine na bado anatembea huru.

1. Maumbile ya kiumbe

Kiumbe kinachochunguzwa ni pampu ndogo ya umeme wa laini moja, yenye nguvu ya nusu farasi au farasi mmoja, inayoishi chini ya mnara wa tenki ikiwa imefunikwa ndoo iliyopasuka. Mbele kuna impela inayosukuma maji. Nyuma kuna mota na feni yake ya kuipoza. Mgongoni kuna kijisanduku chenye kapasita. Kati ya maji na umeme amesimama mlinzi mmoja tu, sili, ambaye ni nyuso mbili laini, ya kaboni na ya kauri, zilizobanwa pamoja kwa springi. Ekseli moja hupita katikati ya vyote, nayo huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika.

Njia ya utafiti ni sikio. Sababu ni ya kisayansi: pampu hukaa nyuma ya nyumba, kwenye mbu, na watafiti wengi hupendelea kuichunguza wakiwa kitandani.

2. Jamii ya kwanza: Wangurumaji

Hawa hunguruma bila kuzunguka. Umeme wa laini moja unaweza kuitikisa mota lakini peke yake hauwezi kuianzisha, kwa kuwa huivuta pande zote mbili kwa usawa, nayo hubaki haijui iende wapi. Kapasita huipa koili ya pili umeme uliopishana wakati na wa koili ya kwanza, na hapo mota hupata upande wa kuanzia. Kapasita ikichoka, ubishi hurudi.

Jamii hii ina spishi tatu. Ili kuzitenganisha, plagi huchomolewa kwanza, kisha feni ya nyuma huzungushwa kwa bisibisi. Ikizunguka kwa ulaini, mshukiwa ni kapasita, ambayo ni kifaa cha bei ndogo kuliko nauli ya kumleta fundi kutoka wilaya nyingine. Msomi akumbuke kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo ncha zake mbili huunganishwa kwanza kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Aliyeruka hatua hii huielewa papo hapo, bila kuhitaji mhadhara.

Feni ikigoma kuzunguka, impela imenata. Uwazi kati yake na nyumba yake ni mdogo sana, na kutu, chokaa ya maji ya kisima au punje ya mchanga hutosha kuufunga. Spishi hii huchanua Januari, familia zinaporudi kutoka Moshi na kuikuta pampu iliyolala tangu kabla ya Krismasi.

Spishi ya tatu huonekana jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko. Nguvu ya mota ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti. Volti 230 zikishuka hadi 160, umeme umebaki asilimia 70, lakini nguvu ya kuanzisha mzunguko imebaki chini ya nusu. Pampu iliyokuwa nzima saa kumi alasiri inatangazwa marehemu saa mbili usiku, na alfajiri inafufuka bila kuguswa na mtu.

Katika spishi zote tatu, mota iliyosimama huku imewashwa huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Hapo ndipo koili huungua kweli, watazamaji wakiwa wameizunguka, wanajadili kama imeungua.

3. Jamii ya pili: Wakavu

Hawa huzunguka vizuri, tena kwa furaha, ila hawatoi maji. Mzizi wa maradhi ni hewa. Pampu za aina hii hazina ubavu wa kuvuta hewa. Lazima zijazwe maji kwanza. Valvu ya chini ya bomba la kisimani ikibanwa wazi na kipande cha jani, maji hurudi kisimani usiku kucha na asubuhi pampu inazungusha upepo. Kiungo cha bomba kisichozungushiwa tepu vizuri hufanya kosa hilo hilo kwa siri zaidi, kwani hakidondoshi tone: huvuta hewa kuingia badala ya kutoa maji nje.

Spishi ya kitaaluma zaidi ni ya kisima kirefu. Galileo aliandika mwaka 1638 juu ya pampu ya kuvuta iliyoshindwa kupandisha maji zaidi ya mita kumi hivi. Mwanafunzi wake Torricelli, mwaka 1643, alitumia zebaki kuonyesha sababu: pampu haivuti maji, hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma juu, na uzito wake una kikomo. Kwenye usawa wa bahari kikomo hicho ni mita 10.3; Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700, hushuka hadi kama mita nane na nusu, na kwa vitendo ni pungufu zaidi kote. Pamoja na hayo, pampu ya juu ya ardhi bado hununuliwa kwa ajili ya kisima cha mita 15, na isipotoa maji lawama humwendea mota, aliyezaliwa karne mbili hivi baada ya kesi kuamuliwa.

4. Jamii ya tatu na ya nne: Wachuruzikaji na Wapiga Miluzi

Jamii hizi mbili ni mzazi na mtoto. Sili hulainishwa na maji yale yale inayoyazuia. Pampu ikizunguka kavu, nyuso zake husuguana, hupata joto na kupasuka; kila Mkavu aliyeachwa azunguke ni Mchuruzikaji mtarajiwa. Maji huanza kudondoka kati ya pampu na mota, polepole, mahali ambapo hayamsumbui mtu. Kisha hufuata ekseli hadi kwenye beringi ya mbele, grisi huoshwa, kutu huingia, na mluzi unazaliwa.

Wapiga Miluzi ndio pekee wenye majina ya kisayansi yasiyobishaniwa. Beringi yenye namba 6201 ina tundu la milimita 12 popote ilipotengenezwa, na 6203 ina tundu la milimita 17. Muuza duka wa Kariakoo huitambua bila kuuliza inaumwa nini. Anayebadili beringi na kuiacha sili inayovuja atarudi dukani kununua namba ile ile.

5. Jamii ya tano: Wenye Kigugumizi

Huwaka, huzima, huwaka, huzima, hasa usiku. Swichi ya presha, inayoiwasha pampu presha ya bomba ikishuka, inatii amri: mahali fulani maji yanatoka. Aghalabu ni tangi la choo linalovuja kimyakimya. Mgonjwa yuko chooni, aliyelazwa ni pampu.

6. Mjadala: shule za watambuzi

Shule ya Kofi huamini kwamba kifaa kikipigwa ubavuni hukumbuka wajibu wake. Impela iliyonata kidogo huweza kuitikia, jambo lililowapa wafuasi kiburi kisichotibika. Shule ya Zima-Washa ina hoja nzito zaidi: mota nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikizidiwa na kuurudisha zikipoa. Pampu "hupona", imani huimarika, na ugonjwa hubaki palepale.

Shule ya tatu, ya Mota Imekufa, ndiyo yenye wafuasi wengi, na nguvu yake haitokani na ujinga wa mafundi. Fundi mzoefu huijua kokoto iliyokwama kwenye impela kwa kusikiliza tu. Tatizo ni malipo. Akiitoa kwa dakika tano, mwenye nyumba humwambia, "Fundi, hapo umefanya nini cha kukulipa?" na kumpa hela ya soda. Akiibeba mota, akakaa nayo siku mbili na kuirudisha imesukwa upya kwa waya unaong'aa, hulipwa bila maneno na kupewa chai juu. Soko limemfundisha kwamba maarifa ni bure na waya ndio una bei. Mota nyingi nzima zimefumuliwa kwa sababu hiyo.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uchunguzi uanze kwenye kilicho rahisi na kuishia kwenye kilicho ghali: umeme upo na unatosha? Maji yapo na bomba limejaa? Feni inazunguka kwa mkono? Kapasita? Impela? Sili? Beringi? Mota iitwe mahakamani baada ya hao wote kutoa ushahidi.

Pendekezo la pili linamhusu mwenye nyumba. Patana na fundi bei ya kutambua ugonjwa kabla hajashika spana, na umlipe yote hata akimaliza kabla chai haijachemka. Atakayeona dakika tano hizo ni ghali, mtaa wa pili kuna kibanda cha kusuka mota, na kinafunguliwa mapema.