Ngeli za Klachi: Mkabala wa Mguu wa Kushoto

Wauzaji wa klachi za nguvu huzigawa kwa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya tano. Mgawanyo huo hauna mashiko ya kitaaluma. Kila kiwanda hujipimia chenyewe, na hatua ya pili ya huyu yaweza kuwa ya tatu ya mwenzake. Makala haya yanapendekeza ngeli. Nomino hutambuliwa kwa upatanisho wake ndani ya sentensi. Klachi nayo itambuliwe kwa upatanisho wa mguu wa kushoto na gari ndani ya foleni. Uwanja wa utafiti ni Nairobi, na kielelezo ni Subaru Impreza WRX ya gia tano. Safari Rally ilichangia sana mapenzi ya jiji hilo kwa Impreza: McRae alishinda nayo 1997, na Burns 2000. Mombasa Road saa kumi na mbili jioni haikuwa sehemu ya mashindano yao.

Ngeli ya TELEZA ni klachi ya kiwandani iliyobebeshwa tabo iliyoongezwa presha. Dalili zake hazianzi gia ya kwanza, kama wengi wanavyodhani, bali ya nne au ya tano, gari likipanda kutoka Mai Mahiu: mshale wa mizunguko ya injini unakimbia, wa spidi haujui kinachoendelea. Harufu hufuata. Giaboksi ikishushwa, pleti hukutwa imelika hadi kwenye ribiti, na uso wa flaiwili una madoa ya samawati yaliyoachwa na joto.

Ngeli ya VUMILIA ina pleti ya kawaida na presha pleti ngumu zaidi. Inafanya kazi vizuri. Haina mashabiki, kwa kuwa haimpi mwenye gari la kusimulia.

Ngeli ya SHTUA ndiyo yenye fasihi pana. Pleti yake haina duara kamili la kitambaa. Ina vipande sita vya seramiki vyenye rangi ya shaba, vimepangwa kama petali, na springi katikati. Hushika mara moja na haitaki kubembelezwa. Nusu klachi, ambayo ndiyo lugha rasmi ya foleni, huijibu kwa mtetemo unaoanzia sakafuni na kuishia kwenye meno ya dereva. Abiria wote huitikia kwa vichwa, hata lisilosemwa. Wenye gari husema utazoea. Wake zao hawajanukuliwa katika utafiti huu.

ZIMA-WASHA ni SHTUA iliyonyang'anywa springi na kubakiziwa vipande vitatu au vinne. Ni ya mashindano. Anayeifunga kwenye gari la kupeleka watoto shule hawahusu wahandisi. Awatafute wazee wa ukoo.

PACHA ina pleti mbili, na hapa nadharia haina budi. Uwezo wa klachi ni zao la kizigeu cha msuguano, nguvu ya kubana, wastani wa nusu kipenyo na idadi ya nyuso zinazosuguana. Pleti moja ina nyuso mbili, pacha wana nne. Uwezo unakuwa maradufu bila kanyagio kuwa gumu hata kidogo zaidi. Kasoro zake ni kelele za chuma ukikanyaga na bei inayohitaji kikao cha familia.

Swali ambalo wanazuoni wa klachi hulikwepa ni la kiungo dhaifu. Klachi ya kiwandani hupokea mshtuko kwa kuteleza kidogo. Ukiikaza isiteleze kamwe, mshtuko haupotei, unahamia jirani, na jirani ni giaboksi ya gia tano ambayo meno yake yalijulikana kwa udhaifu tangu zamani. Mwenye gari hutafuta giaboksi ya gia sita ya STI, kisha anagundua kwamba uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele, basi na difu nayo inanunuliwa. Huku kwenye injini, kila kanyagio gumu linapokanyagwa, presha hulemea beringi ya krenki. Ndiyo maana kwenye jam mwenye akili huweka gari huru na kuondoa mguu. Mimi ningemfungia VUMILIA kila asiyekimbia mashindanoni, na nimekwishapoteza marafiki kwa msimamo huo.

Imebaki TELEZA bandia. Sili ya nyuma ya krenki ikivuja, oili hufika kwenye pleti, na pleti nzima kabisa huteleza mithili ya iliyolika. Mwenye gari hutangaza kuwa injini yake imeizidi nguvu klachi, anaagiza seramiki, na kuwaarifu wenzake. Sili yenyewe ni bei ya chakula cha mchana. Fundi akishusha giaboksi anaiona pale pale, imelowa, na mwenye gari amesimama nyuma yake na boksi la klachi mpya mkononi. Fundi mwenye hekima hubadilisha sili, hufunga seramiki alivyoagizwa, na kwenye risiti huandika: spea ndogondogo.