Malenge ya Mwalimu

Ukialikwa chai mtaani kwetu Lanet, kula kwako kwanza. Chai ipo, tena ya maziwa mengi, lakini haimiminwi mpaka ukague shamba. Shamba lenyewe ni kile kipande kinachobaki kwenye ploti ya hamsini kwa mia baada ya nyumba, tangi la maji na banda la kuku kupata haki zao. Hapo mwenyeji atakusimamisha mbele ya kila shina la sukuma wiki kama anayekutambulisha kwa wakwe. Usiposifu, chai itapoa. Ukisifu mno, utatoka na mzigo.

Nawaelewa. Kuotesha kitu Nakuru si mchezo. Udongo wetu mwingi ni wa majivu ya volkano, mwepesi. Uumwagilie asubuhi, adhuhuri utaapa hujawahi kuupa maji. Januari na Februari vumbi huingia hata kwenye kopo la sukari. Halafu mvua ya masika inashuka, na kila kitu kinastawi kwa pamoja, kwa kila mtu. Ikifika Juni hakuna anayehitaji sukuma, kwa sababu kila mtu anatafuta wa kumpa sukuma. Nimemwona mama mmoja wa kanisa, mtu mzima na heshima zake, akitundika fungu la spinachi kwenye geti la jirani na kuondoka mbio. Mama mboga wa kona, ambaye ana akili kutuzidi, msimu huo hufunga kibanda na kwenda ushago kusalimia wazee.

Anayependa ukaguzi kuliko wote ni Afande, mwanajeshi mstaafu, aliyepanda karoti kwa mistari aliyoipima kwa kamba. Siku ya kuvuna alituita rasmi, tukajipanga. Akashika majani ya kwanza, akavuta. Yakatoka majani matupu. Akavuta ya pili, majani. Fuko alikuwa amepita chini kwa chini, amekula mstari mzima na kumwachia Afande majani yaliyosimama wima. Sisi tukawa tunatazama mawingu upande wa Menengai, tukisema huenda ikanyesha.

Akaitwa kijana wa kutega fuko, ambaye hulipwa kwa mkia: alete mkia, apewe pesa. Mikia ikaletwa, pesa zikatoka, karoti zikaendelea kupungua. Afande bado anaamini ni mkia mmoja uliokuwa ukirudi.

Ila kinachotuunganisha hasa ni mbegu. Hupitishwa juu ya ua zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila jina wala tarehe, na kwa miaka mingi zilikuwa na utamu wa magendo. Sheria ya mbegu, baada ya kurekebishwa mwaka wa 2012, ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Milioni moja, kwa kijiko cha mbegu za managu! Hapa hapa kaunti yetu, Gilgil, shirika la Seed Savers Network limekuwa likiwafundisha wakulima kuhifadhi mbegu za kienyeji, na mwaka wa 2022 wakulima 15 walikwenda kortini kuipinga sheria hiyo. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vya sheria hiyo vilivyokataza kubadilishana mbegu vinakiuka Katiba. Afande, ambaye miaka yote hiyo alikataa mbegu zetu kwa kuiheshimu sheria lakini akapokea nyanya zilizoiva kupita kiasi, "za kula tu," alitutangazia habari hiyo akiwa amesimama wima.

Kesi ambayo hakuna mahakama iliyoisikiliza ni ile ya Mwalimu.

Mwalimu, naye mstaafu, alipewa na jirani yetu Mama Pacha mbegu za malenge. Zikaota, zikapanda ua, zikatwaa paa la jiko. Kila Jumapili tulipelekwa kuziona. Mtu akauliza kwa nini maua ni meupe na yanafunguka jioni, ilhali ya malenge ni ya manjano. Mwalimu akasema ni aina mpya. Matunda yakatokea, yana shingo ndefu. Aina mpya, akasema. Akachuma moja, akalichemsha mchana kutwa mpaka gesi ikaisha, akaonja, akatema, akasema pengine halijakomaa.

Ndipo akapita Kogo, bibi yetu Mkalenjin anayeishi ng'ambo ya barabara. Akatazama paa, akaketi chini palepale kwenye nyasi na kucheka mpaka leso ikamwanguka.

"Mwalimu, si wewe ulifundisha watoto wetu sayansi?"

"Hisabati, Kogo," Mwalimu akajibu haraka.

Vilikuwa vibuyu. Mama Pacha alipoitwa kujieleza hakutikisika. "Nilisema ni za malenge? Nilisema ni za mama yangu."

Kogo aliondoka na vibuyu vyote. Akavikausha, akavitoboa, akavisafisha, akavipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet, na baada ya majuma mengi akarudisha kimoja kikiwa kimejaa mursik, maziwa ya mgando. Mwalimu akanywa, akafuta mdomo, na tangu hapo wageni huambiwa kwamba alichagua vibuyu makusudi baada ya kuupima udongo.

Lakini moyo wake bado uko kwa malenge. Msimu huu amechukua mbegu nyingine kwa Mama Pacha, na safari hii alimtaka aandike jina la mmea kwenye karatasi na kutia sahihi. Mama Pacha akaandika "malenge" kwa herufi kubwa. Mbegu zimeota. Kogo alipita juzi, akasugua jani kati ya vidole, likawa laini mno, akaagiza vinne.