Mpeni Upepo Ajira ya Kudumu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar.

KUH: KUMTHIBITISHA KAZINI NDUGU UPEPO, MKUU WA USAFI WA HEWA, UNGUJA



Nakuandikia kumwombea mtumishi haki yake. Ndugu Upepo anaitumikia Unguja tangu kabla ya Mapinduzi, kabla ya Masultani na kabla ya Wareno, na mpaka leo hana barua ya ajira. Hachangiwi mfuko wa hifadhi ya jamii, hana kiinua mgongo, hajawahi kudai posho ya kikao wala mafuta ya gari. Msimu mmoja huitwa Kaskazi, msimu mwengine huitwa Kusi, na kwa majina yote mawili anafanya kazi bure. Hata hivyo, kaa kwenye baraza lolote la mji huu ulalamikie moshi, utajibiwa kwa jina lake: sisi ni watu wa kisiwani bwana, upepo upo, hewa yetu safi. Sijasikia mtu akiombwa ushahidi baada ya kusema hivyo. Mtumishi anayeaminiwa kiasi hicho anastahili walau kitambulisho cha kazi.

Mamlaka yako imezaliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015. Kwa umri huo wewe ni mtoto mbele yake. Nakuomba umpokee kwa adabu, usome faili lake, kisha umthibitishe. Faili lenyewe nimekukusanyia hapa, lenye mazuri na yasiyo mazuri, maana nasikia siku hizi kila mwombaji hufanyiwa upekuzi.

Tuanze na mazuri. Mwaka 1866 David Livingstone alipita hapa akaandika kwa dharau juu ya uvundo wa mji. Hakuusingizia: ufukwe ndio uliokuwa jaa, na ndio uliokuwa choo. Madaktari wengi wa zama zile waliamini kwamba harufu mbaya ndiyo inayozaa maradhi, kipindupindu kikiwemo, na tegemeo lao likawa Ndugu Upepo aipeperushe. Nadharia ilikuwa mbovu, lakini pua zao zilikuwa kazini. Sisi wa leo hata hiyo pua haitufai. Chembe za moshi zinazowatisha madaktari ni zile zenye upana usiozidi maikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwani una kama 70. Hazionekani kwa macho. Hazikwami puani wala kooni. Hufika mwisho kabisa wa pafu, nyengine zikavuka hadi kwenye damu, na huko ndiko yanakoanzia mambo ya pumu, maradhi ya moyo, kiharusi na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kiwango linachokishauri kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa.

Mjini kwetu ni ngapi? Hilo nimuulize Ndugu Upepo, kwa sababu kila jioni tunatangaziwa anavuma kutoka wapi, kwa kasi gani, na mawimbi yatakuwa ya mita ngapi, lakini alichokibeba hatutajiwi. Kama Mamlaka ina vipimo kabatini, basi hilo kabati ndilo mahali pasipofikiwa na upepo katika kisiwa kizima.

Sasa upekuzi, Mheshimiwa. Kosa lake la kwanza ni kwenda likizo bila ya ruhusa. Mabaharia wanamjua: baina ya Kaskazi na Kusi kuna malelezi, siku ambazo tanga linaning'inia na bahari imelala. Nahodha wa jahazi husubiri. Mji hausubiri. Daladala zinaunguruma, majiko ya mkaa yanakolezwa, meli zinangoja nafasi ya gati, na mwenye dhamana ya hewa hayupo kazini. Na hata msimu ukichangamka, ndani ya Mji Mkongwe hapiti sawasawa. Waliojenga vichochoro vile walitaka kivuli na walikipata: kuta ndefu huku na huku, njia ya kupishana watu wawili na kikapu. Hawakujua kwamba siku moja humo humo zitapita vespa na bodaboda. Moshi ukishaingia Mkunazini hauna haraka ya kutoka.

Wenye kumbukumbu hawajasahau giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale umeme unaotujia kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika kwa miezi mitatu. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshaonja mwezi mmoja wa namna hiyo, Mei na Juni, lakini hatukuwa tumejifunza kitu. Kila duka na kila nyumba ya wageni iliyojiweza ikatoa jenereta mlangoni. Kichochoro kikawa dohani, na watu wakalala ndani ya dohani hiyo usiku baada ya usiku. Tulizungumza sana kuhusu hasara ya hoteli, samaki walioharibika, maji yasiyopanda bombani. Hasara ya fundi cherehani aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye jenereta, yeye na mapafu yake, sikuona ikitajwa popote. Waya mpya wa megawati 100 ulipokuja mwaka 2013 tulishangilia, na tukasahau kuuliza tulikuwa tumevuta nini.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na naliandika kwa masikitiko kwa sababu mwombaji ni mtu wa nyumbani. Ndugu Upepo hasafishi chochote. Anahamisha tu. Anachokiondoa kwangu anakipeleka kwa mwenzangu, na mwenzangu hana wa kumlalamikia. Kusema kweli tabia hii ameifundisha hata serikali: daladala zilipoondolewa Darajani kwenda Kijangwani, moshi nao ulihama pamoja na makonda, tukasema mji umepumua. Takataka zinakwenda Kibele, na zisizofika Kibele zinachomwa uani baina ya magharibi na isha, majani na chupa za plastiki pamoja. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya bara, na tuna haki ya kujisifu. Lakini sheria ilikataza mfuko. Kibiriti hakuna aliyekigusa.

Na chokaa je? Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mafundi wanaojua kazi yao watakwambia saruji inaziua kuta zile, ni lazima kutumia chokaa. Chokaa haioti dukani. Huchomwa mashamba: magogo yanapangwa, mawe yanarundikwa juu yake, moto unawashwa, na watu wa karibu wanafunga madirisha kama wanayo. Kila jumba la urithi linapong'ara upya, kuna watoto wa kijiji fulani waliokohoa kwa ajili yake. Mji ulioandikwa na UNESCO mwaka 2000 una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, inayoangalia mlango, dirisha na kibaraza. Mapafu ya mwenye mlango hayamo kwenye orodha ya vitu vya kuhifadhiwa.

Hapa nina ushauri wa hila, na naomba ubaki baina yetu. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli ya magari isizidi salfa sehemu 50 katika milioni. Meli za mizigo za kimataifa, kwa kanuni iliyoanza 2020, zinaruhusiwa asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 katika milioni. Ni mara 100. Meli moja iliyotia nanga mbele ya Malindi, injini zake za umeme zikinguruma mchana na usiku, hiyo salfa haiachi baharini. Salfa ikikutana na unyevu hugeuka tindikali, na tindikali hula jiwe la matumbawe likawa jasi linalopukutika. Basi tuseme tunayalilia mawe. Tuandike kwamba moshi unakula majumba ya urithi wa dunia. Nina hakika vifaa vya kupimia vitaletwa kwa ndege, na sisi wenye mapafu tutasoma namba kwa mgongo wa kuta.

Nisionekane mtu wa kulaumu meli na serikali peke yake. Moshi wa mishkaki ya Forodhani ni moshi. Udi unaofukizwa kwenye chetezo nao ni moshi, tena wa chembe ndogo ndogo kwelikweli, na chumba hufungwa makusudi usitoke. Hili nimelisema kwa uhakika wa kitaalamu, ila nyumbani kwangu sitalirudia, na barua hii isisomwe kwa sauti mbele ya wanawake wanaojiandaa na harusi. Mkaa wa jikoni ni shauri zito zaidi. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia, binti wa Kizimkazi, alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034. Ni jambo jema sana. Swali langu dogo ni hili: 2034 itakapofika, hewa ya mitaa ya Ng'ambo tutailinganisha na ipi, ikiwa ya leo hatukuiandika?

Najua watakaokwambia kwamba setilaiti inatosha. Setilaiti ni nzuri kwa bahari na kwa bara kubwa. Mji Mkongwe wote una hekta 96, na zile ramani za chembe zinazotokana na setilaiti, hata zilizo bora, nukta yake moja ni kama kilomita moja kwa kilomita moja, yaani hekta 100. Mji mzima, kuanzia Shangani mpaka Malindi, unaingia katika nukta moja na nafasi inabaki. Wengine watakwambia vifaa vya bei nafuu husema uongo. Hapo wana ukweli, khasa kwetu. Vifaa hivyo huhesabu chembe kwa miale ya mwanga, na chembe ikishanyonya unyevu wa masika huvimba, ikahesabiwa kuwa kubwa kuliko ilivyo. Chumvi ya bahari nayo inaingia kwenye hesabu. Dawa yake inajulikana: kifaa rahisi kinawekwa kwa miezi kadhaa pembeni ya kifaa cha uhakika, makosa yanajulikana, hesabu inarekebishwa. Watu wa Chuo Kikuu cha Makerere wanafanya hivyo katika mradi wao wa AirQo tangu 2015. Vifaa wanaviunda Kampala penyewe, na vingine waliwahi kuvifunga kwenye bodaboda. Sisi bodaboda tunazo za kutosha.

Wala tusingoje paa la jirani. Balozi za Marekani katika miji kadhaa, Nairobi na Kampala zikiwemo, zilikuwa zikipima hewa na kuitangazia dunia. Machi 2025 Washington iliamua kuacha kutangaza, na takwimu zikakatika siku hiyo hiyo. Mwenye kipimo cha kuazima huvuta pumzi kwa hisani.

Kwa nini nang'ang'ania namba? Februari 2013 mtoto wa miaka 9 alifariki mjini London kwa pumu. Jina lake Ella Adoo-Kissi-Debrah. Aliishi karibu na barabara kubwa ya kusini mwa mji, na mwanzo ilisemwa ni pumu tu. Mama yake hakukubali. Disemba 2020 uchunguzi wa pili wa kifo chake uliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kumuua, na hilo likaandikwa katika chanzo cha kifo, jambo ambalo halijapata kutokea Uingereza kabla yake. Mama alipigana, profesa alitoa ushahidi, lakini chini ya yote kulikuwa na kifaa cha kupimia hewa kama maili moja kutoka nyumbani kwao, na kumbukumbu zake za miaka. Mama wa Jang'ombe mwenye mtoto kama huyo, hata angekuwa na subira ya namna hiyo, angebeba karatasi gani kwenda nayo mbele ya hakimu?

Tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima wa kigeni anayetembelea Zanzibar hulipa dola 44 za bima. Mwaka huo walikuja wageni zaidi ya 700,000. Wanakaa siku chache, wanapiga picha machweo, wanaondoka. Wakaazi 893,169 wa Mjini Magharibi, kwa sensa ya 2022, hawana ndege ya kurudi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi la ajira likiwa zito, yapo mepesi. Weka kifaa kimoja Malindi karibu na bandari, kimoja Kijangwani, kimoja Mkunazini ndani ya kichochoro, kimoja Kibele, na kimoja Makunduchi ili tuwe na hewa ya kulinganishia. Waombe Hospitali ya Mnazi Mmoja waandike kwa siku ni watoto wangapi wameletwa wakihema kwa tabu, kisha vitabu viwili hivyo viwekwe meza moja. Namba zisikae ofisini. Zisomwe ZBC kila jioni, kwa Kiswahili, pamoja na neno moja la kumwambia mzazi mwenye mtoto wa pumu afanye nini kesho asubuhi kabla ya kumpeleka skuli.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Mkunazini.