Mataifa Yamealikwa Ngumini

Waungwana waliotengeneza filamu ya katuni ya Street Fighter II, iliyotoka Japani mwaka 1994 chini ya uongozi wa Gisaburō Sugii, hawatuhumiwi choyo, maana walimwengu karibu wote wamekaribishwa kutwangana: Mrusi, Mmarekani, Mchina, Mjamaika, hata Mhindi mwenye kuvaa mafuvu shingoni na kuirefusha mikono apendavyo, kwa kuwa yoga, kwa dhana yao, ndiyo matunda yake. Mbrazili naye amewakilishwa na dubwana la rangi ya kijani litoalo umeme mwilini. Ilhali Mjapani aliye shujaa wa kisa, kwa sadfa njema, ni kijana mtulivu, mwenye haya, asiye na ajabu yoyote ila mkoba wake begani.

Sisi Waafrika hatukualikwa, na huenda ilikuwa stara. Kwani Capcom, wenye mchezo wa video uliozaa filamu hiyo, walipotukumbuka mwaka 1997 katika Street Fighter III, walituletea Elena, binti wa Kenya mwenye nywele nyeupe na vazi la kuogelea, apiganaye kapoeira. Basi Mbrazili, aliyeachiwa umeme, akaidai kapoeira yake Nairobi.