Matairi Yanayojisafisha

Dobi wa Kariakoo amesema kanzu mbili zitarudi kuwa nyeupe, ya tatu tuiombee dua. Amenipa taarifa hiyo jana jioni kwenye simu, kwa sauti ya daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Na hiyo ya tatu ndiyo ya bwana harusi.

Naomba ieleweke mapema kwamba mimi sikumpaka mtu tope. Nilikuwa ndani ya gari, mikono yote miwili kwenye usukani, nikitekeleza agizo la wanaume wazima waliokuwa wakipiga kelele kwa pamoja: “Kanyaga, dada! Kanyaga!” Nikakanyaga.

Ilikuwa upande wa Kisarawe, kule njia inakoteremkia bonde la Ruvu, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Udongo wa bondeni ni ule mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza simu, na ukinywa maji huvimba, ukalainika, ukang'ang'ania chochote kinachoukanyaga, iwe kwato, iwe ndala. Mimi nilikuwa na Jimny, na Jimny ilikuwa na matairi. Nasema hivyo kwa sababu watu hawasemi yule dada ana gari. Wanasema yule dada ana matairi. Kashata zake ni nene, zimepanda hadi ubavuni, na mfereji kati ya kashata na kashata unameza kidole. Yalinunuliwa kwa ajili ya mahali kama pale hasa. Gari likaingia, likasogea kidogo, likakaa kitako. Difu chini, magurudumu yanazunguka, mandhari haibadiliki.

Ndipo ukatokea msafara wa harusi. Walikuwa wameiacha Noah yao huko juu kwenye ukavu, sasa wanakwenda kwenye nikaha kwa miguu, kanzu zimekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Wakanipita. Hilo peke yake lingetosha kuniharibia wikiendi. Lakini mzee mmoja akasimama, akainama, akalitazama tairi la nyuma kwa utulivu, kisha akaligonga kwa ncha ya bakora.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Na matairi yote haya?”

Nilikuwa na jibu, tena refu, ila mzee alikuwa anawahi nikaha. Acha nilitoe hapa.

Tairi la kawaida la mjini limejaa mpira. Mifereji yake ni myembamba, kazi yake kupitisha maji tu. Tairi la tope ni kinyume: sehemu kubwa ya uso wake imeachwa wazi, na huo uwazi ndio umelipiwa. Kashata inazama kwenye tope, inapata kitu cha kusukuma, inatoka upande wa pili ikiwa imebeba donge kwenye mfereji. Hapo ndipo penye kazi. Donge likibaki pale, mzunguko unaofuata hakuna tena mfereji. Likishindiliwa na mengine, kashata zote zinafunikwa, na tairi la bei ya kiwanja cha Chanika linageuka kipara cha udongo. Kwa hiyo lazima donge litoke, na hakuna wa kulitoa ila mwendo wenyewe. Gurudumu likizunguka, tope linataka kwenda zake moja kwa moja. Tairi linalilazimisha lipinde kona. Ukiongeza kasi ya mzunguko mara mbili, nguvu inayohitajika kulishikilia inakuwa mara nne. Inafika mahali udongo unashindwa kushikilia, unachomoka. Mafundi waliochora tairi wamelifikiria hili kwa namna inayonipa raha kila nikiliwaza: mifereji inapanuka kuelekea nje ili donge lisikwame njiani, na chini kabisa kuna vituta vidogo vya kuzuia mawe na udongo visijibane. Asiyethubutu kukanyaga mafuta, tairi lake linakabwa. Anayekanyaga, linapumua.

Matangazo yanaita jambo hili kujisafisha. Hayasemi uchafu unakwenda wapi.

Unakwenda nyuma na juu. Nyuma kulikuwa na bwana harusi, shemeji yake na mzee wa bakora, waliorudi kunisaidia kwa roho safi, wameinamisha vichwa, viganja vimebana spea. Kabla ya hapo nilikuwa nimepunguza upepo kutoka 30 hadi 16, ili tairi litambae, lishike eneo refu zaidi la ardhi. Kila kitu kilikuwa sawasawa na maelekezo. Injini ikapanda, magurudumu yakachanganya, nikasikia ule mpasuko wa madonge ya kwanza kwenye madigadi, nikafurahi mno. Yanajisafisha! Nilifikiri kelele za nyuma ni za kushangilia.

Gari halikutoka. Matairi yalikuwa safi, meusi, kashata zote zinahesabika, lakini difu lilikuwa limekalia udongo na hakuna kashata inayofika hapo. Aliyetuvuta ni kijana wa kirikuu iliyobeba matenga ya nyanya. Alisimama pakavu, akafunga kamba ya katani, akavuta polepole. Matairi yake mawili ya nyuma yalikuwa vipara kiasi cha kujiona uso. Hela akakataa. Aliomba apige picha.

Bwana harusi ameoa na kanzu ya kuazima, fupi, ya mdogo wake bibi harusi. Nimealikwa kwenye walima na sijui kama ni ukarimu au ni ushahidi.

Njiani kurudi nikaanza kusikia sauti tena, maana bondeni matairi haya huwa kimya. Lami ndiyo inayoyatia uchungu. Hakuna fundi kati ya Mbagala na Tegeta ambaye hajanisimamisha kunipa habari za beringi. “Dada, beringi ya mbele hiyo inakufa.” Nikiwa kwenye foleni, mwenye bodaboda anagonga kioo: “Beringi, dada.” Hata askari wa getini kazini ameniambia, kwa sauti ya chini, kwamba shemeji aiangalie ile beringi. Shemeji hajui beringi iko wapi. Naijua mimi, na ni nzima.

Sauti yenyewe ukiipigia hesabu inavutia kuliko inavyoudhi. Tairi langu likizunguka mara moja linakula mita 2.3. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linazunguka karibu mara 10 kwa sekunde. Tuseme kuna kashata 30 kwenye mzunguko mmoja. Basi kashata zinapiga lami mara 290 hivi kila sekunde, na kitu kinachotikisa hewa mara 290 kwa sekunde ni noti, karibu kabisa na ile re inayofuata do ya katikati ya kinanda. Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kashata hazilingani. Ukipima, hii ndefu kidogo, ile fupi kidogo, zimepangwa kwa makusudi ili makofi yasiangukie noti moja yakawa king'ora. Wamevunja wimbo, wakabakiza mvumo. Kisha kashata zinaanza kulika upande mmoja, kama hubadilishi matairi nafasi mbele na nyuma, na mvumo unapata tena ujasiri wa kuimba. Yangu sasa yanaimba kuanzia 60, na redio nimeizima kwa heshima.

Halafu kuna mshale wa spidi. Gari halijui linakwenda kasi gani. Linahesabu mizunguko na kuizidisha kwa tairi lililozaliwa nalo. Jimny yangu ilizaliwa na 205/70R15, kipenyo kama sentimita 67. Nimeivalisha 235/75R15, kipenyo zaidi ya 73. Kila mzunguko kuna sentimita 20 za ziada ambazo mshale hauna habari nazo, na kwa mwendo mzima hiyo ni karibu asilimia 10. Kiwandani mshale huwekwa utaje kasi iliyozidi kidogo, kwa sababu kanuni za kimataifa hazitaki utaje pungufu, ila mimi akiba hiyo niliila yote siku ya kwanza. Kwa hiyo nikapita penye kibao cha 50, mshale umetulia kwenye 50, dhamiri nyeupe, na chini ya mwembe kuna mtu na tochi. Nilimweleza yote haya. Alinisikiliza kwa adabu hadi kwenye kipenyo, kisha akaandika 30,000.

Mengine ni madogo. Bawaba za mlango wa nyuma zimelegea kwa uzito wa spea. Mama mkwe alipanda mara moja akiwa na dera, akashushwa kwa stuli ya jikoni, na hatujalizungumza. Kwenye kiplefti penye lami iliyolowa, mpira ukiwa mchache juu ya lami, gari lilienda lilikotaka lenyewe. Kilima cha Pugu, injini ya cc 1300 ikizungusha magurudumu ambayo haikuahidiwa, nimepitwa na daladala iliyokuwa ikishusha abiria.

Sasa kuna jambo ambalo silioni kuchekesha. Matairi haya yalikuwa ya wikiendi. Kwetu ni mlimani, nje kidogo ya mji, na kutoka lami hadi getini kuna kipande cha barabara ambacho masika hakina jina. Kila mwaka tunachangishwa kifusi. Lori linamwaga, greda halionekani, mvua ya kwanza inakiteremsha kifusi chote mtaroni, na mtaro nao unazibwa, kwa hiyo ya pili inapita juu. Jirani yangu muuguzi huenda kazini na buti za mvua, viatu vyake kwenye mfuko. Bodaboda wakishaona wingu nauli inapanda mara mbili, na siwalaumu. Watu wa mtaa huu wanalipa kodi zao, na usiku mtoto akishikwa na degedege mvua inanyesha, hakuna gari la wagonjwa linalopanda. Wanakuja kugonga kwangu. Nimeamka na nguo za kulalia, nimepunguza upepo kwa tochi ya simu, nimemshusha mama na mtoto hadi lami, nimekaa zahanati mpaka joto liliposhuka. Usiku ule matairi yalishika kila mahali, na sikufurahia hata kidogo. Mchezo wangu wa Jumamosi umekuwa ndiyo huduma ya mtaa, na mafuta ni yangu.

Mwezi uliopita tulipata wataalamu wa kuikagua barabara, baada ya barua nyingi. Gari lao dogo liliishia pale kwenye kona ya duka la mangi, likateleza, likagoma. Wakaniomba niwapandishe. Nikawapandisha, mmoja mbele, wawili nyuma na makaratasi yao, hadi mwisho wa njia na kurudi. Mahali pabaya kabisa nilipita taratibu ili waone vizuri. Mmoja alilisifu gari, akauliza beringi.

Ripoti imebandikwa ofisi ya mtaa. Barabara yetu haimo kwenye orodha ya matengenezo mwaka huu. Maelezo ni neno moja: inapitika.